Magari ya deraya ya Hizir nchini Kenya

Hizir (kwa Kituruki Hızır) ni gari la deraya linalotengenezwa na kampuni ya Katmerciler ya Uturuki. Linaendeshwa na magurudumu yote manne, hubeba watu 9, na kazi yake kubwa ni kuwapitisha askari salama katika barabara zilizotegwa mabomu. Kenya iliagiza magari 118 ya aina hii mwaka 2021 kwa ajili ya Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF).

Neno deraya lilimaanisha vazi la chuma la wapiganaji wa zamani. Siku hizi hutumika pia kwa gari lililovikwa bamba za chuma. Gari la deraya si kifaru: kifaru hutembea kwa minyororo na hubeba mzinga mkubwa, ilhali Hizir hutembea kwa matairi na silaha yake kwa kawaida ni bunduki ya rashasha juu ya paa. Jina Hizir ni lile lile la Nabii Khidhri, ambaye katika mapokeo ya Waislamu wa Uturuki humfikia ghafla mtu aliye katika dhiki.

Kwa nini Kenya iliyahitaji

Kenya iliingiza majeshi yake Somalia mwezi Oktoba 2011, katika operesheni iliyoitwa Linda Nchi, na mwaka 2012 majeshi hayo yakawa sehemu ya kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM. Al-Shabaab hawakuweza kushindana nao kwa silaha nzito, hivyo wakategemea zaidi mabomu ya kujitengenezea yanayofukiwa barabarani. Vita hivyo vilivuka mpaka. Mwaka 2017 magari kadhaa ya polisi wa Kenya yalilipuliwa katika kaunti za Garissa, Mandera na Lamu. Barabara nyingi za huko ni za mchanga au udongo mtupu, na shimo lililochimbwa usiku halionekani asubuhi.

Shambulio la El Adde la tarehe 15 Januari 2016, ambamo kambi ya Wakenya nchini Somalia ilivamiwa, lilikuwa la namna nyingine: lilianza na gari lililojazwa baruti. Ni vizuri kutofautisha mambo haya mawili, kwa sababu gari kama Hizir ni jibu kwa bomu la barabarani. Kambi isiyo na vizuizi vya kutosha haiokolewi nalo.

Jinsi gari linavyomlinda askari

Bomu linapolipuka chini ya gari, hewa yenye joto kali na mgandamizo mkubwa hupanda juu pamoja na mchanga na mawe. Sakafu ikiwa bapa, hupokea pigo lote kwa mkupuo mmoja, ikapinda kuelekea ndani au gari zima likarushwa. Ndiyo sababu upande wa chini wa Hizir umeundwa kwa umbo la herufi V. Msomaji wa pwani aitazame mashua iliyopandishwa ufukoni: kama vile mkuku unavyoyapasua maji yakapita huku na huku, ndivyo ncha ya V inavyougawa mlipuko ukatokea pembeni.

Umbo peke yake halitoshi. Askari wengi waliolipuliwa ndani ya magari huumia uti wa mgongo na miguu hata pale ambapo chuma hakikutoboka, kwa kuwa sakafu hupanda juu kwa kasi kubwa kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo viti vya magari ya namna hii hutengenezwa ili vifyonze mshtuko, na miguu hukaa juu ya sakafu ya pili isiyogusana moja kwa moja na bamba la chini. Mkanda nao una kazi. Asiyejifunga hutupwa kichwa dhidi ya paa, na hapo uhandisi wote umekwenda bure.

Kipimo kinachotumika sana ni kile cha Jumuiya ya Kujihami ya NATO, kiitwacho STANAG 4569. Katika ngazi ya 2 gari lazima lihimili kilo 6 za baruti, ngazi ya 3 kilo 8, na ngazi ya 4 kilo 10. Herufi a huonyesha kwamba mlipuko ulikuwa chini ya gurudumu, na herufi b kwamba ulikuwa chini ya tumbo la gari. Lakini anayetega bomu hafungwi na vipimo hivyo. Akifukia kilo 40, hakuna gari la ukubwa huu linaloweza kuahidi usalama.

Kuna gharama nyingine isiyosemwa sana katika matangazo ya biashara. Umbo la V huliinua gari juu, na gari refu lenye uzito mkubwa hupinduka kwa urahisi kwenye kona au ukingo wa barabara. Uzito huo hulizamisha katika udongo mweusi wakati wa masika. Dereva basi hubaki barabarani, na barabarani ndiko adui anakomtegea.

Chimbuko la umbo la V

Mbinu hii ilikomazwa kusini mwa Afrika. Katika miaka ya 1970 wapigania uhuru wa Zimbabwe na Namibia walitega mabomu katika barabara zilizotumiwa na majeshi ya walowezi, na wahandisi wa Rhodesia na Afrika Kusini wakajibu kwa magari yenye tumbo la V. Afrika Kusini ilitoa Hippo, Buffel na Casspir. Jina la mwisho lilitungwa kwa kuchanganya herufi za SAP, polisi wa nchi hiyo, na CSIR, taasisi yake ya utafiti. Tanzania ilikuwa upande wa pili wa historia hiyo: wapiganaji walipata mafunzo Kongwa, Nachingwea na Mgagao, na FRELIMO walikuwa na shule hapa Bagamoyo. Miaka mingi baadaye Casspir hizo hizo ziliwabeba askari wa Uganda mjini Mogadishu.

Wamarekani waliikumbatia mbinu hiyo kwa wingi kuanzia 2007 kutokana na vita vya Irak. Uturuki ilikuwa na sababu zake, yaani mabomu ya wapiganaji wa PKK kusini-mashariki mwa nchi, na mwaka 2009 jeshi lake liliagiza magari 468 ya Kirpi (maana yake kalunguyeye) kutoka kampuni ya BMC. Katmerciler, iliyoanzishwa 1985, ilijulikana kwanza kwa magari ya zimamoto na ya taka. Hizir ilionyeshwa hadharani mwaka 2016.

Ununuzi

Kampuni ilitangaza mkataba wa Kenya kuwa wa dola za Marekani milioni 91.4, pamoja na vipuri na matengenezo. Ukigawa kwa 118, kila gari linafikia takriban dola 775,000, lakini hiyo si bei ya gari tupu. Ratiba ilikuwa kuanza kukabidhi 2022 na kumaliza 2023.

Mengi kuhusu mkataba huo yalijulikana kwa sababu Katmerciler imeorodheshwa katika soko la hisa la Istanbul, na kwa hiyo ililazimika kuwaarifu wanahisa. Hili linastahili kufikiriwa: raia wa Kenya alisoma thamani ya mkataba katika taarifa iliyoandikwa kwa ajili ya mwekezaji wa Uturuki. Sheria ya Kenya ya manunuzi ya umma ya mwaka 2015 inaruhusu manunuzi ya siri ya vyombo vya ulinzi. Usiri huo una sababu, maana adui hapaswi kujua unene wa bamba. Bei na utaratibu wa zabuni ni suala jingine. Kashfa ya Anglo Leasing, iliyofichuka 2004, ilihusu mikataba ya usalama iliyopitishwa chini ya pazia hilo hilo. Tanzania nayo iliponunua rada ya BAE ya Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 2000, bei ilizua mzozo wa miaka kumi, hadi kampuni ikalipa pauni milioni 29.5 zilizoelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule.

Nchi nyingine za eneo hili

Somalia ilipokea magari 12 ya Kirpi kutoka Uturuki mwezi Agosti 2020 kwa ajili ya makomando wa Gorgor, wanaofunzwa na Waturuki. Rwanda hutumia Cobra za kampuni ya Otokar, zikiwemo zilizopelekwa katika ulinzi wa amani.