Mtambo wa kuchoronga ukifika kijijini, je, mgodi umepatikana?

Ukiona mtambo wa kuchoronga umesimama shambani kwa mtu kule Kipatimu, wilayani Kilwa, usikimbilie kusema mgodi umepatikana. Na shamba usiliuze kwanza.

Mtambo huo unauliza tu mwamba una nini. Ncha ya bomba lake ina pete ya chuma iliyopachikwa chembechembe za almasi, jiwe gumu kuliko yote. Pete inazunguka na kukata mwamba, katikati inabaki nguzo nyembamba ya jiwe, kama mpini wa jembe hivi, inayoingia ndani ya bomba na kuvutwa juu. Maji husukumwa chini muda wote kupoza pete na kutoa unga wa mawe. Kwa hiyo swali la kwanza la wanakijiji lingefaa liwe: hayo maji yanatoka wapi?

Nguzo hupangwa kwenye visanduku kwa kufuata kina. Anayetafuta risasi na zinki huangalia mng'ao wa kijivu wa galena na rangi ya kahawia ya sfalerita. Kisha jiwe hupasuliwa kwa urefu: nusu inaenda maabara, nusu inatunzwa. Shimo moja halitoshi, maana madini yanaweza kukatika mita chache tu pembeni.

Kilwa kazi hii si ngeni. Miaka ya 2000 wanasayansi walichoronga Kilwa na Lindi kwa kushirikiana na TPDC. Walichotaka ni mabaki ya viumbe wadogo wa baharini, wajue tabianchi ya mamilioni ya miaka iliyopita. Mgodi haukuwemo kabisa.

Kwa zinki, tazama Kipushi, karibu na Lubumbashi, Kongo. Mgodi huo ulisimama 1993. Mwaka 2014 uchorongaji ulianza humo chini ya ardhi, ukathibitisha mwamba wenye zinki ya takriban asilimia 35. Uzalishaji ukaanza 2024. Miaka kumi, na hapo madini yalishajulikana!

Wakati wa kusubiri, mwenye shamba ana haki zake. Chini ya Sheria ya Madini ya 2010, mwenye leseni ya utafutaji anahitaji ridhaa yake ya maandishi kabla ya kuingia kwenye mazao au karibu na nyumba, na akiharibu analipa fidia. Mchungwa uliokatwa kupisha mtambo unahesabiwa, hata shimo likitoka tupu.