Mbabula isilale ndani ya nyumba

Ndugu wanamemba, Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, na mwezi wa sita na wa saba baridi ya usiku inauma kweli. Wengi wetu tunaingiza mbabula katika chumba na kufunga mulango. Moshi tunauogopa, kwa hiyo tunangojea makala yawe mekundu, tunasema sasa hatari imeisha. Hapo tunajidanganya. Makala mekundu yanatoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu. Inakamata nafasi ya oksijeni katika damu, na mwenye kulala haamuki tena. Kichwa kikianza kuuma, mutoke wote inje mara moja. Kulala ni na blanketi, hata kama mzee ananung'unika. Mbabula ibaki kwenye lupango.