Bunduki ndani ya nyumba: je, kweli inalinda familia?

Kwenye kartie nyingi za Goma, saa mbili za usiku milango inakuwa imefungwa. Watoto wameingia, kadenati imewekwa, na watu wazima wanabaki wakisikiliza. Mbwa akibweka, sauti ya redio inapunguzwa. Risasi ikilia, kila mutu anajaribu kujua ni upande gani: Ndosho? Katoyi? Majengo? Ni saa hizo ndipo swali moja linarudi katika nyumba nyingi, na linasemwa kwa sauti ya chini: je, haingekuwa vizuri baba wa nyumba awe na bunduki yake, ao pistole kidogo chini ya mto?

Anayeuliza hivyo si mjinga wala si mutu mubaya. Ni mutu anayeogopa kwa ajili ya bibi na watoto wake. Lakini jibu linataka kuangaliwa polepole, mbele ya usiku mubaya kufika. Makala hii inaeleza sheria inasema nini, mambo yanaenda namna gani wezi wakiingia, na ni nini kinaweza kufanywa pasipo bunduki.

Swali hili limetoka wapi

Silaha si jambo jipya katika Kivu Kaskazini. Kwa zaidi ya miaka 30, tangu wakimbizi na wapiganaji walipovuka mpaka wa Rwanda mwaka wa 1994, bunduki zimepita mikono mingi. Tarehe 6 Mei 2021 serikali ya Kinshasa iliweka jimbo letu na la Ituri chini ya utawala wa kijeshi. Kisha vita na M23 vikakaribia mji, na watu wenye silaha wa kila aina, wanajeshi na Wazalendo, wakaonekana katikati ya raia, kwenye soko na hata kwenye bar.

Mwisho wa Januari 2025 mambo yaligeuka. AFC/M23 ikaingia Goma. Wanajeshi wengi walikimbia ao kujisalimisha, na wengine walitupa uniforme na bunduki barabarani, kwenye mifereji na ndani ya parsele za watu. Tarehe 27 Januari, wafungwa kwa maelfu walitoka katika gereza kuu la Munzenze. Kwa siku moja mji ulikuwa na silaha zisizo na mwenyewe, na watu waliojua kuzitumia.

Kulikuwa na jambo la tatu ambalo halisemwi sana. Benki za Goma zilifungwa siku hizo hizo. Mwenye duka, mama muuza vitenge, mwalimu aliyekuwa na akiba kidogo, wote waliobaki na feza walizibakiza nyumbani. Wezi walijua hilo. Ndiyo maana hofu iliongezeka, na wazo la bunduki likaongezeka pamoja nayo.

Sheria inasema nini

Sheria ya Kongo juu ya silaha na risasi ni ya tarehe 3 Septemba 1985, namba 85-035. Inatenganisha silaha za vita na silaha zingine, kama zile za kuwinda na za kujilinda. Kwa silaha ya kuwinda ao ya kujilinda, raia anahitaji kibali cha mamlaka ya serikali. Chefu wa kartie hawezi kutoa kibali hicho. Komanda rafiki yako hawezi pia, hata akiandika karatasi yenye muhuri.

Silaha ya vita haina kibali kwa raia. Na hapa ndipo watu wengi wanajidanganya. Wanapozungumza juu ya pistole ya kujilinda, bunduki inayopatikana kwa siri hapa kwetu mara nyingi ni AK, ao pistole iliyotoka katika jeshi ao polisi. Kwa sheria ya Kongo, raia anayekutwa na silaha ya vita anaweza kupelekwa mbele ya korti ya kijeshi. Kusema "ilikuwa ya kulinda watoto" hakuondoi kosa.

Watu wanauliza pia juu ya haki ya kujitetea. Waamuzi wa Kongo wanaitambua, lakini ina masharti. Hatari inapaswa kuwa pale pale, si ya jana wala ya kesho. Inapaswa kuwa hakuna njia nyingine. Na jibu linapaswa kulingana na shambulio. Mwizi aliyekwisha kuruka ukuta na televizyo kichwani hatishi tena uzima wako. Ukimpiga risasi ya mgongo, wewe ndiye utakayejibu.

Kuna mfano ambao kila mutu wa Goma anaujua bila kuufikiri. Angalia walinzi wa kampuni za ulinzi kwenye milango ya mashirika na hoteli kule Himbi ao karibu na ziwa. Wana rungu, filimbi, taa na redio ya kuitia wenzao. Hawana bunduki, kwa sababu katika Kongo kampuni hizo haziruhusiwi kubeba silaha za moto. Kazi yao ya kwanza ni kuona mapema na kuita mapema.

Usiku wenyewe unaenda namna gani

Tuwaze baba mmoja wa Ndosho aliyenunua pistole kwa siri. Ana watoto wanne. Ataiweka wapi?

Akiificha vizuri, risasi zikiwa mbali na bunduki, juu ya dari ao ndani ya sanduku lililofungwa, watoto wako salama. Lakini usiku wezi wakivunja mlango, hatakuwa na muda wa kupanda dari katika giza. Akiiweka chini ya mto ikiwa tayari, ataifikia haraka. Lakini mchana mama akitandika kitanda, ao mtoto wa miaka sita akitafuta mpira, wao pia wataifikia haraka. Bunduki inayofaa usiku ni hatari mchana, na isiyo hatari mchana haifai usiku. Katika nyumba ya vyumba viwili, fundo hili halifunguki.

Kisha kuna wezi wenyewe. Wanaokuja na silaha hawaji mmoja. Wanachagua saa, wameuliza mbele, wamekwisha kuamka wakati wewe umelala. Wengi wao walikuja kuchukua simu na feza na kwenda. Wakiona pistole mkononi mwa mwenye nyumba, mambo yanabadilika: sasa wanaogopa nao, na mutu mwenye bunduki anayeogopa anapiga. Na wakijua mbele kwamba nyumba ina bunduki, wataitafuta. Kwa mwizi, bunduki ni mali kuliko televizyo, kwa sababu kwayo ataiba nyumba zingine. Siri ya namna hii haidumu katika avenue. Mtoto atamwambia mwenzake, ao aliyeiuza ndiye atakayesema.

Mbao hazizuii risasi

Wanaozungumza juu ya bunduki nyumbani mara nyingi wanafikiri nyumba za filamu, zenye kuta nene na bustani kubwa. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, na sehemu kubwa ya nyumba ni za mbao na mabati. Katika Majengo, Katoyi ao Kasika, kutoka kitanda chako mpaka kitanda cha jirani inaweza kuwa hatua tatu, na katikati kuna mbao mbili.

Risasi ya AK inapita mbao hizo kama kidole kinavyopita karatasi. Hata ile ya pistole inapita. Mwenye nyumba anayepiga gizani akielekea mlango hapigi mlango tu. Anapiga kila kitu kilicho nyuma yake: jikoni, choo cha pamoja, chumba cha mama jirani na mtoto wake. Kwenye hospitali ya CBCA Ndosho, ambako CICR inasaidia kupasua waliojeruhiwa na silaha, wamepokelewa wengi ambao hawakugombana na mutu yeyote. Risasi iliwakuta tu walipokuwa.

Hatari ya watu wa ndani

Kuna hatari ambayo haipiti mlangoni. Huko Marekani, ambako bunduki nyumbani ni halali na wengi wanazinunua kwa kujilinda, watafiti waliwafuata watu wazima milioni 17 na zaidi wa jimbo la California kwa miaka mingi. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2022. Walilinganisha watu wasio na bunduki lakini wanaoishi na mwenye pistole, na watu wa nyumba zisizo na bunduki. Wale wa kwanza waliuawa mara mbili na zaidi kuliko wale wa pili. Na hatari ya kupigwa risasi na bwana, bibi ao mpenzi wao ilikuwa mara saba.

California si Goma, ni kweli. Lakini ugomvi wa bwana na bibi uko huku na huku. Pombe iko huku na huku. Kijana aliyekata tamaa yuko huku na huku, na huku kwetu wengi wamebeba maumivu ya vita bila mutu wa kuzungumza naye. Hasira ya dakika tano ikikuta fimbo, asubuhi watu wanaombana msamaha. Ikikuta bunduki, hakuna asubuhi.

Mji unaohama

Goma ina jambo lingine la pekee: ni mji unaokimbia. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ililipuka tena usiku, na siku tano nyuma yake kartie 10 ziliambiwa zihame. Watu wakaenda Sake, Rutshuru, Gisenyi, wengine kwa mguu na godoro kichwani. Januari 2025 watu walikimbia tena.

Siku kama hiyo, bunduki inaenda wapi? Ukiibeba, kizuizi cha kwanza barabarani kinakugeuza kuwa mpiganaji. Ukiiacha, umeiachia wezi ao watoto watakaoingia nyuma yako.

Na wenye kushika mji wanabadilika, lakini wote wanaogopa silaha ya raia. Kinshasa inaweza kukuita muasi. AFC/M23, ambayo siku ya kuingia iliomba wanajeshi wa serikali wape MONUSCO silaha zao, inaweza kukuhesabu kuwa askari aliyejificha. Tangu 2025 kumekuwa na misako ya nyumba kwa nyumba. Katika msako hakuna muda wa kueleza kwamba hii ilikuwa ya wezi tu. Na atakayepelekwa si wewe peke yako. Ndugu na wapangaji wanaweza kupelekwa pia.

Kinachosaidia pasipo bunduki

Hakuna dawa inayozuia kila mwizi, na si haki kumwambia mutu aliyevamiwa kwamba alikosea. Lakini kuna mambo ambayo avenue nyingi zimeyajaribu.

Kelele ya pamoja. Filimbi, masufuria, mabati yanayogongwa, nyumba moja ikianza zote zikifuata. Mwizi anataka kimya na giza. Kwa hiyo watu wa avenue wanapaswa kukubaliana mbele: nani anaanza, alama ni gani, na kwamba hakuna anayetoka nje peke yake kukimbiza wenye bunduki. Kelele ni ya kufukuza. Mwizi akikamatwa, kumuua ao kumchoma ni kosa la kuua mutu kama lingine, na mara nyingine aliyechomwa hakuwa mwizi.

Simu za jirani. Kikundi cha nyumba kumi chenye namba za watu wote, za chefu, na za mutu mwenye gari ao motari wa kupeleka majeruhi.

Mlango na mwangaza. Bawa la ndani la mti mgumu linanunua dakika mbili tatu, na dakika hizo ndizo za kupiga filimbi. Taa moja ya nje inasaidia parsele tatu.

Feza kidogo nyumbani. Gawanya akiba, usihesabu feza mbele ya watu, usiseme njiani kwamba umeuza kiwanja.

Na wakiingia na bunduki: lala chini pamoja na watoto, mbali na mlango, usiwaangalie machoni, wape wanachoomba. Simu inanunuliwa tena.

Kama bunduki iko tayari ndani

Kuna familia ambazo hazikununua kitu. Zilikuta bunduki, masanduku ya risasi ao bomu ndani ya parsele nyuma ya mapigano, zikaogopa kusema. Kama ni kitu kilichookotwa, usikiguse, usikisogeze, usikitupe ndani ya choo wala ziwani. Weka mawe ao fimbo kuzunguka kama alama, zuia watoto, kisha toa habari kwa chefu ao kwa watu wa Msalaba Mwekundu, ambao wanajua kuita wafundi wa kuondoa mabomu.

Kama ni bunduki iliyofichwa, usitembee nayo barabarani kwenda kuirudisha. Tafuta kwanza mutu ambaye watu wanamwamini, pasta, padiri, imamu ao chefu, azungumze mbele na wenye kuipokea, ili waijie ao wakupangie namna ya kuileta. Kanisa limefanya kazi ya namna hii zamani: katika Katanga, shirika la PAREC la pasta Daniel Ngoy Mulunda lilipokea bunduki kutoka kwa watu na kuwapa baiskeli. Wengi walikubali, kwa sababu baiskeli ilibeba mihogo mpaka sokoni na haikumuita askari usiku.

Baba wa Ndosho bado ataogopa leo saa mbili za usiku. Lakini kesho asubuhi anaweza kwenda kwa majirani wanane na kuuliza swali moja: usiku huu nikipiga filimbi, nani atajibu?