Bibi Moses, Mkulima Aliyechora Mashamba

Anna Mary Robertson Moses, ambaye Wamarekani walimzoea kwa jina la Grandma Moses, yaani Bibi Moses, alizaliwa mwaka 1860 huko Greenwich, jimbo la New York. Alipofika miaka 12 alitoka kwao akaenda kutumika katika nyumba za wakulima wengine. Mwaka 1887 aliolewa na Thomas Moses, wakalima na kufuga Virginia hadi waliporudi New York mwaka 1905. Alizaa watoto 10. Watano walifariki wakiwa wachanga. Chuo cha uchoraji hakukikanyaga.

Uzeeni alidarizi picha kwa nyuzi za sufu. Viungo vya mikono vilipoanza kumuuma na sindano ikawa haishikiki, akachukua brashi. Alikuwa ameshavuka miaka 70.

Alichora kwenye ubao, si turubai, na aliupaka kwanza rangi nyeupe. Kazi ilianzia juu ikishuka chini: anga, kisha milima, miti, nyumba, mifugo, na watu mwisho kabisa. Kanuni za vipimo zinazofundishwa vyuoni hazimo, na mara nyingine nyumba na watu wake hawalingani kwa ukubwa. Hata hivyo umbali unaonekana barabara, kwa sababu aliujenga kwa rangi: milima ya mbali ina buluu iliyofifia, na kijani hukolea kadiri mashamba yanavyosogea karibu. Hilo hakufundishwa na mtu. Aliliona kwa macho yake miaka yote aliyoishi shambani. Theluji aliinyunyizia chembe za kumetameta ili ing'ae kama inavyong'aa juani.

Tena mandhari yake si matupu. Katika “Sugaring Off”, picha ya mwaka 1943, miti imepukutika majani, ardhi imefunikwa na theluji, na watu wako mbioni: utomvu mtamu uliogemwa mitini unachemshwa kwenye sufuria kubwa juu ya moto ili upatikane sukari. Ni mchoraji aliyeifanya kazi hiyo tu ndiye angejua kila mtu asimame wapi.

Mwaka 1938 mkusanyaji wa sanaa, Louis Caldor, aliziona picha zake katika dirisha la duka la dawa mjini Hoosick Falls, akazinunua. Mwaka uliofuata tatu zilionyeshwa katika Museum of Modern Art jijini New York, na mwaka 1940 mfanyabiashara wa sanaa, Otto Kallir, akamwandalia maonyesho yake peke yake. Bibi alikuwa na miaka 80.

Alifariki Desemba 1961 akiwa na miaka 101, akiacha picha zaidi ya 1,500. “Sugaring Off” iliuzwa mwaka 2006 kwa dola milioni 1.2. Mkusanyiko mkubwa zaidi wa kazi zake ulio wazi kwa umma uko Bennington Museum, jimbo la Vermont, pamoja na jengo la shule aliyosoma utotoni.