Barabara ya Shamba Lako Huamuliwa Wakati wa Kiangazi

Wakulima wa Chania, kila msimu wa mvua ndefu afisi za kilimo hupokea barua za aina moja. Barabara imekatika, gari la maziwa halikufika, maziwa yamemwagwa. Barua hizo huandikwa kwa adabu, nyingine kwa hati nzuri ya kupendeza, lakini nyingi huja mahali pasipo pake. Afisa wa kilimo aweza kukufundisha kukata matuta na kupanda majani ya napier. Hana fedha za kumwaga murram. Fedha hizo zilikwisha kugawanywa miezi mingi kabla ya mvua kunyesha, katika mikutano ambayo labda hukuhudhuria.

Jambo la kwanza ni kujua serikali ipi huulizwa neno lipi. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 iligawanya kazi kati ya Serikali ya Taifa na kaunti 47. Kaunti ina kilimo na mifugo, masoko, zahanati na hospitali zake, maji ya mifereji, shule za chekechea na barabara za kaunti. Serikali ya Taifa ina shule za msingi na za sekondari, polisi, hati za ardhi na barabara kuu. Chifu na naibu wake ni watu wa Serikali ya Taifa. Baraza la chifu lafaa sana kwa mambo ya ulinzi na ugomvi wa mipaka, lakini halipitishi bajeti ya josho. Na ukitaka kuweka pampu mtoni kumwagilia mboga, kibali chatoka kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, si kwa diwani. Juu ya barabara za mashambani serikali hizo mbili zimevutana kwa miaka mingi, kwa hiyo uliza kwanza barabara yako ni ya nani kabla ya kumlaumu mtu.

Tena angalia shamba lako liko ng'ambo ipi ya mto. Kwa sehemu kubwa Mto Chania ndio mpaka wa Kiambu na Murang'a. Mtu aweza kuuza nyanya zake katika soko la Thika kila juma, na kulipa ada hapo, huku wadi yake iko Murang'a. Mkutano wa wadi ya Thika haumsaidii kitu.

Wazee wanakumbuka kwamba neno la kuwa na sauti barazani si la zamani sana kwa watu wa pande hizi. Mabaraza ya wenyeji yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1924, na mwenyekiti wake alikuwa Bwana DC mwenyewe. Mwaka 1950 yakageuzwa kuwa Halmashauri za Wilaya za Waafrika. Lakini mashamba makubwa ya kahawa na mkonge yaliyozunguka Thika na Ruiru yalikuwa nchi ya walowezi. Mfanyakazi aliyeishi humo hakuwa na diwani. Baada ya Uhuru zikaja halmashauri za kaunti, nazo zikapungukiwa nguvu upesi, kwa maana sheria ya mwaka 1969 ilizinyang'anya shule za msingi, afya na barabara. Kwa miaka zaidi ya arobaini diwani alibaki na soko na kichinjio. Kaunti za sasa zilianza kazi baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, zikapewa fedha ambazo halmashauri zile hazikupata kuziona. Katiba yasema kaunti zote pamoja zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa.

Sasa sikiliza jambo lililotokea hapa hapa Kiambu, maana hata mawakili wa nchi nzima hulitaja. Mwaka huo huo wa 2013 Kaunti ilipitisha Sheria ya Fedha yenye ada na ushuru. Wananchi wakaenda Mahakama Kuu, wakasema hawakuulizwa sawasawa. Mwezi wa Aprili 2014 Jaji George Odunga aliifuta sheria ile yote. Alisema kuwashirikisha watu kuwe kwa kweli, kusiwe kwa kutimiza desturi tu. Haitoshi kutuma maneno mafupi katika mtandao. Kaunti yapaswa kuwatafuta watu mahali wanapokusanyika: makanisani, misikitini, katika mahekalu, katika mabaraza, na kwa redio za lugha za nyumbani. Kaunti ilikata rufani, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na Jaji.

Fikiri maana yake. Sheria nzima ya ushuru ilianguka kwa sababu watu hawakuitwa ipasavyo. Lakini ukiitwa ukakaa nyumbani, hapo huna mashtaka.

Basi uende lini? Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Karatasi ya kugawa fedha kwa idara hupelekwa kabla ya mwisho wa Februari, makadirio yenyewe kabla ya mwisho wa Aprili, na kufikia tarehe 30 Juni yote yapitishwe. Hapo utaona shida yetu wakulima. Tunalia juu ya barabara mwezi wa Aprili, tukiwa ndani ya tope, na wakati huo makadirio yamekwisha kuandikwa. Wakati wa kusema ni Julai na Agosti, na tena Januari na Februari, barabara ikiwa kavu kama sakafu na hakuna anayekumbuka trakta iliyozama. Mwulize msimamizi wa wadi tarehe ya mkutano. Usingoje karatasi ibandikwe dukani.

Ukisimama kusema, usiseme "barabara zetu ni mbaya." Kila wadi husema hivyo. Sema ni kipande kipi, kutoka daraja gani mpaka kituo kipi cha maziwa, mashamba mangapi hukitumia, na mwaka jana gari halikupita siku ngapi. Kikundi chenu kiandike hesabu ya maziwa yaliyomwagika kila siku ya mvua. Mtu mwenye daftari husikilizwa kuliko mtu mwenye sauti kubwa; hili nililiona tangu nilipokuwa nikifundisha darasani.

Yafaa pia tuzungumze juu ya saa. Katika vijiji vya Uingereza kuna halmashauri ndogo za parokia zilizoundwa kwa sheria ya mwaka 1894, zinazoangalia njia za miguu, makaburi, na viwanja vidogo vya kukodisha kwa kupanda mboga. Kila mwaka kati ya tarehe 1 Machi na 1 Juni kijiji chote hukutana, na kila mpiga kura aweza kusema. Sheria yao ya mwaka 1972 yakataza mkutano huo kuanza kabla ya saa kumi na mbili jioni, ili mtu wa kazi apate kufika. Sisi sharti tufike nyumbani kabla ya giza, lakini mkutano wa saa nne asubuhi humkuta mama akiwa sokoni Ruiru na baba akichuma kahawa. Wanaobaki kuamua ni wenye nafasi. Hakuna kinachowazuia wakulima kuomba saa nane mchana, baada ya kazi ya asubuhi na kabla ya kukamua jioni.

Majina yakiandikwa mkutanoni, hakikisha lako limo, na uone kwamba ombi la kijiji chenu limeandikwa katika kumbukumbu. Ripoti ya bajeti ikitoka, tafuta jina la barabara yenu. Ikiwa haimo, sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 yakupa haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa Bunge la Kaunti. Kiswahili ni lugha rasmi kwa Katiba, kwa hiyo usione haya kukitumia. Andika tarehe, eleza neno moja tu, wenzako watie sahihi na namba za vitambulisho, kisha uombe mhuri wa kupokelewa juu ya nakala yako. Nakala hiyo iweke pamoja na stakabadhi za maziwa.