Ulevi wa Barabarani na Leseni ya Angani

Neno rubani lilikuwa la baharini kabla halijawa la angani. Wapwani walimwita hivyo mtu aliyeijua mikondo na miamba, akakiongoza chombo hadi bandarini huku roho za wengine zikiwa mikononi mwake. Ndege zilipokuja, Kiswahili hakikuhangaika kutafuta istilahi mpya. Kilimpandisha rubani juu pamoja na dhamana yake. Ni dhamana hiyo inayofanya kosa la barabarani, ambalo mwalimu au mfanyabiashara angelilipia faini akaenda zake, limfuate rubani hadi kwenye chumba chake cha kuendeshea ndege.

Makala haya yanadhamiria kueleza kinachompata rubani wa ndege za abiria anaposhtakiwa kwa kuendesha gari akiwa amelewa. Mfano wetu ni Marekani, kwa kuwa kanuni zake kuhusu suala hili zimeandikwa kinagaubaga, na pia kwa kuwa wapo vijana wa Kenya wanaokwenda kusomea urubani huko.

Kwanza hatuna budi kutenganisha maneno. Mtaani tunasema fulani "ana kesi" tukaridhika. Hata hivyo, kukamatwa si kushtakiwa, kushtakiwa si kupatikana na hatia, na kunyang'anywa leseni ya udereva ni jambo jingine kabisa ambalo huweza kutokea hata kabla hakimu hajafungua jalada. Rubani anayeyachanganya maneno haya manne anaweza kupoteza kazi kwa sababu ya msamiati tu. Sisi wanafunzi wa lugha tunaoambiwa kila siku kuwa fani yetu haina uzito tulitafakari hilo.

FAA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ndege nchini Marekani, inamtaka kila mwenye leseni ya urubani aiarifu idara yake ya usalama kwa maandishi katika muda wa siku 60 baada ya kupatikana na hatia ya kuendesha gari akiwa mlevi, au baada ya leseni yake ya udereva kusimamishwa au kufutwa kwa sababu hiyo. Kanuni hiyo inahusu matukio ya baada ya tarehe 29 Novemba 1990. Shtaka peke yake halimo. Lakini tazama mtego ulipo. Katika majimbo mengi, dereva anayekataa kupimwa pumzi au anayezidisha kiwango husimamishiwa leseni na ofisi ya magari ya jimbo bila kungoja mahakama. Siku 60 za kwanza huanza hapo. Miezi kadhaa baadaye mahakama ikimpata na hatia, siku nyingine 60 huanza kuhesabiwa, na taarifa ya pili hutakiwa ingawa usiku wa ulevi ulikuwa mmoja. Asiyetoa taarifa hutenda kosa jipya linaloweza kusababisha leseni yake ya urubani kusimamishwa au kufutwa, hata kama kosa la gari lenyewe lingesamehewa.

Njia ya pili ni ya daktari, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Nahodha wa ndege za abiria huhitaji cheti cha afya cha daraja la kwanza, ambacho hudumu miezi 12 kwa aliye chini ya umri wa miaka 40 na miezi 6 kwa aliyefikisha umri huo. Kila mara hujaza fomu yenye swali kuhusu ulevi na uendeshaji magari, na swali hilo halikomei kwenye hatia bali linauliza hata kuhusu kukamatwa. Kwa hivyo aliyekamatwa kisha kesi ikatupwa nje hana la kuiambia idara ya usalama, iwapo leseni yake ya udereva haikuguswa, lakini ana la kumwambia daktari. Aidha, kuiarifu idara moja hakuhesabiwi kuwa ni kuiarifu nyingine.

Je, akinyamaza? Anapotia sahihi kwenye fomu hiyo, rubani huwa ameiruhusu FAA kuchungua sajili ya taifa ya madereva ambamo majimbo huingiza majina ya walionyang'anywa leseni. Uongo wake ukigunduliwa, FAA inaweza kumfutia vyeti vyote vya urubani na vya afya, na sheria ya jinai ya nchi hiyo inaruhusu kifungo cha hadi miaka 5 kwa anayeidanganya serikali kuu kwa makusudi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Kwa maoni yangu, ulevi wa usiku mmoja huwafukuzisha marubani wachache kuliko kalamu iliyoandika "hapana" mahali pa "ndiyo".

Jambo linaloshangaza ni kuwa daktari hatafuti wa kumwadhibu. Swali lake ni kama mtu huyu ni mgonjwa. Kiwango cha kisheria cha kileo katika damu ya dereva ni asilimia 0.08 katika karibu majimbo yote. Utah pekee imeshuka hadi 0.05. Kwa mwenye kurusha ndege kiwango ni 0.04, na ni lazima saa 8 ziwe zimepita tangu alipokunywa. Sasa dereva akipatikana na asilimia 0.15 au zaidi, FAA hujiuliza aliwezaje hata kuwasha gari. Aliyelewa kiasi hicho na bado akawa na fahamu za kushika usukani huenda mwili wake umeizoea pombe, na mazoea ni dalili ya uraibu. Daktari hapo haruhusiwi kumpa cheti papo hapo. Faili hupelekwa FAA na tathmini ya kitaalamu huagizwa. Aliyekataa kupimwa hutendewa vivyo hivyo.

Akithibitishwa kuwa mraibu, kanuni inamtaka awe ameacha pombe kabisa kwa muda usiopungua miaka 2. Hata hivyo, tangu miaka ya 1970 kuna mpango uitwao HIMS, unaoendeshwa kwa ushirikiano wa marubani, waajiri na FAA, ambao humwezesha kurudi kazini mapema kwa kibali maalumu. Hutibiwa, huchunguzwa na daktari wa akili, hupimwa ghafla bila kuarifiwa, na huwa na rubani mwenzake pamoja na mkubwa wake wa kazi wa kumfuatilia kwa miaka. Maelfu wamepitia mpango huo wakarudi angani.

Aliye mashuhuri miongoni mwa waliorudi hakukamatwa na gari. Lyle Prouse, nahodha wa shirika la Northwest, aliirusha ndege kutoka Fargo hadi Minneapolis tarehe 8 Machi 1990 yeye na wenzake wawili wakiwa wamelewa. Alifutiwa leseni, akahukumiwa kifungo cha miezi 16 jela, akatoka na kuanza upya kutafuta leseni moja baada ya nyingine. Shirika lilelile lilimrudisha kazini, naye akastaafu mwaka 1998 akiwa nahodha wa Boeing 747. Rais Clinton alimsamehe mwaka 2001. Ninamtaja kwa kuwa alikuwa na doa kubwa kuliko la dereva yeyote, na bado njia ilikuwepo mara alipokubali kuwa mgonjwa.

Mwajiri naye ana mizani yake. Makosa mawili tofauti katika muda wa miaka 3 yanatosha kuiweka leseni ya urubani hatarini, na kampuni inayoajiri hulazimika kupitia kumbukumbu za udereva za mwombaji. Kuna pia pigo lisilotarajiwa, nalo ni la mipaka. Tangu Desemba 2018 Kanada imelihesabu kosa la kuendesha gari ukiwa mlevi kuwa uhalifu mzito, na mgeni mwenye hatia hiyo anaweza kuzuiwa kuingia. Rubani asiyeweza kutua Toronto au Vancouver ni mzigo kwa anayepanga safari.

Kwa Mkenya anayesomea urubani huko, mlango mwingine unaweza kufungwa kabla ya hayo yote. Tangu 2015 viza ya Marekani inaweza kubatilishwa kwa sababu ya kukamatwa tu kwa kosa hili, bila kungoja hukumu. Anaweza kuendelea na masomo akiwa ndani ya nchi, lakini akitoka, hata kama ni kuja kumzika mzazi, itambidi aombe viza upya na apimwe na daktari aliyeteuliwa na ubalozi ndipo ajue kama atarudi kumalizia saa zake za kuruka.