Figo ya baba kwa mtoto mdogo: wazee wetu wanaogopa nini?



Juzi baada ya swala ya alasiri hapa Msambweni, kijana mmoja wa mtaani kwetu aliniita pembeni. Mwanawe wa miaka miwili figo zimeshindwa. Daktari amemwambia ajitayarishe kwa upandikizaji, na yeye baba yuko tayari kutoa figo yake moja. Wazee wa ukoo wamemkatalia: "Utajikata bure, kitoto kile hakitaishi." Akaniuliza, "Ami, ni kweli?"

Mimi si daktari, lakini niliyoyajua nilimweleza, na leo nawaeleza na nyinyi.

Kwanza, si jicho wala si uchawi. Watoto wadogo wengi wenye ugonjwa huu huzaliwa nao: figo hazikukua vizuri tumboni mwa mama, au njia ya mkojo imeziba. Mama ukimuona mtoto wa kiume mkojo wamtoka kwa matone, au mtoto yeyote amevimba macho kila asubuhi, usingoje. Mpeleke hospitali.

Pili, hofu ya wazee ina asili yake. Miaka ya 1980, hata katika hospitali kubwa za ng'ambo, figo nyingi walizopandikizwa watoto wachanga zilikufa mapema. Siku hizi mambo yamebadilika. Huko kwenye uzoefu mrefu, mtoto mdogo aliyepewa figo ya mtu mzima, akivuka mwaka wa kwanza salama, figo yake hudumu vizuri, mara nyingi kuliko ya kijana wa miaka kumi na tano. Kijana huyo huchoka na vidonge akaviacha, ilhali mtoto mdogo dawa anapewa na mamake.

Hatari kubwa iko mwanzoni. Figo ya mtu mzima yataka damu nyingi, na mtoto mishipa yake ni myembamba. Damu ikiganda, figo hufa katika siku chache. Ndiyo maana madaktari wengi hungoja mtoto afikie kama kilo 10. Akingoja, damu yaweza kusafishwa kwa maji yanayopitishwa tumboni, hulishwa vizuri aongeze uzito, na hukamilishiwa chanjo. Chanjo kama ya surua inatakiwa itangulie, kwa sababu baada ya upandikizaji kwa kawaida haipewi tena.

Tatu, tusidanganyane. Figo mpya si mwisho wa safari. Kuna dawa za kila siku maisha yote ili mwili usiikatae, na dawa hizo hupunguza kinga. Haidumu milele pia. Huenda akikua akahitaji nyingine. Miongoni mwa hospitali za umma zinazojulikana kwa upandikizaji nchini ni Kenyatta, Nairobi, na Moi, Eldoret. Kwa mtu wa Kwale hiyo ni feri ya Likoni, kisha treni au basi, kliniki baada ya kliniki.

Na dini? Mwaka 1988 Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah liliruhusu mtu aliye hai kutoa kiungo kama figo kwa hiari yake, maadamu hakimletei madhara ya kuvuruga maisha yake. Kuuza ni haramu, na Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 nayo yakataza malipo.

Nilimwambia yule kijana: kapimwe kwanza wewe na mwanao. Muulize daktari amefanya watoto wangapi wa umri huu na wamefikaje, na dawa zitapatikana wapi na kwa bei gani. Kisha uamue na mkeo.

Nanyi wazee wetu, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mliokutana kumkataza mwaweza kukutana tena, safari hii mumchangie nauli.

Wabillahi tawfiq.